Aliyenyamaza mgongoni: kisa cha familia ya Tanga katika msitu wa Magamba

Siku ile tulikuwa watu wazima wanne, ukimhesabu na mwongozaji, pamoja na watoto watatu. Mtoto wa kati, mwenye miaka minne, alilia tangu tulipoingia msituni: kiatu kinabana, miguu inauma, nina njaa, nibebeni. Kitinda mimba, mwenye miezi 14, nilimbeba mgongoni na hakutoa sauti. Zaidi ya mara tano tulisifu utulivu wake, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosifu. Saa tisa alasiri mama yake alipompa ziwa, alinyonya mara mbili akaliachia. Mdomo wake ulikuwa wa baridi.

Alipona, na sasa ninapoandika haya anachana karatasi zangu za mitihani. Lakini nimeona nikieleze kisa chenyewe kwa kirefu, kwa sababu kila Juni likizo ikianza, wenzangu wa mjini Tanga huniuliza juu ya kuwapandisha watoto wadogo milimani Lushoto, na wote huniuliza habari za yule anayetembea. Ataweza? Atachoka? Atatusumbua? Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za yule anayebebwa.

Tulikotoka

Sisi tunakaa Makorora. Watoto wetu wamezaliwa na kukulia kwenye joto la pwani. Kwao sweta ni sehemu ya sare ya shule, nguo ya kuvuliwa kabla ya kengele ya saa nne. Mwishoni mwa Juni, kusi ikivuma, mchana wa Tanga hufika nyuzi 28 hivi, na wenyeji tunalalamika kwamba kuna baridi.

Mimi nafundisha jiografia sekondari. Kila mwaka huwaandikia wanafunzi ubaoni kwamba ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa nyuzi sita hivi. Huwachorea pia upepo wa kusi ukitoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, unaigonga milima ya Usambara, unalazimika kupanda, unapoa, na ule unyevu unageuka ukungu na mvua. Ndicho kilichoifanya misitu ile idumu mibichi kwa mamilioni ya miaka, ikawa na mimea na viumbe wasiopatikana penginepo duniani. Msitu wa Magamba uko juu ya mji wa Lushoto, na sehemu zake za juu kabisa hufika mita 2,230 hivi kutoka usawa wa bahari. Piga hesabu: nyuzi 28 toa 13. Zinabaki 15, kabla hujahesabu upepo, na kabla hujalowa. Hesabu hiyo naijua kwa moyo, na sikuifanya kwa ajili ya mwanangu.

Nilichouliza kabla ya safari ni habari za kimo. Nilihofia ule ugonjwa wa kichwa kuuma na kutapika unaowapata wanaopanda Kilimanjaro. Hofu hiyo haikuwa na mahali pake, kwa sababu kwa kawaida ugonjwa huo huanza kuwasumbua watu kuanzia mita 2,500 hivi, na Usambara nzima haifiki huko. Nilipojiridhisha na hilo nikaona nimemaliza maswali ya afya. Nadhani wazazi wengi ndivyo tunavyofanya. Tunaichukua hatari yenye jina kubwa, tunaiondoa njiani, halafu tunapumua, na ile isiyo na jina tunaipita.

Ijumaa tulipanda basi stendi ya Kange. Kuanzia Mombo barabara inaiacha tambarare na kupanda kona kwa kona kupitia Soni hadi Lushoto, kilomita 33 hivi, na mtoto wa kati alitapika kabla hatujafika Soni. Masikio kuziba, hilo tulilikabili vizuri: mdogo alinyonya kwenye kona zile zote, wakubwa wakawa wanakunywa maji kidogo kidogo, maana kumeza ndiko kunakofungua masikio. Usiku watoto walilala vibaya kwa baridi. Mtoto aliyetapika jana na kulala nusu usiku hawezi kuwa na miguu ileile uliyoizoea nyumbani, na hilo peke yake lilitosha kutufanya tuchague njia fupi zaidi. Hatukubadili kitu.

Siku yenyewe

Njia tuliyoichagua ilikuwa kama kilomita nane kwenda na kurudi, na kupanda kama mita 350. Wapanda milima wana kanuni ya zamani, aliyoitoa Mskoti William Naismith mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo safari yetu ilikuwa ya saa mbili na dakika kumi. Nikaongeza dakika hamsini kwa ajili ya watoto, zikawa saa tatu, ukiacha muda wa kula. Tungeanza saa mbili asubuhi na saa saba mchana tungekuwa tumesharudi getini.

Naismith aliwahesabia watu wazima wenye afya ambao hawasimami. Mtoto wa miaka minne hatembei hivyo. Anakwenda hatua hamsini, anachuchumaa kumwangalia jongoo, anarudi nyuma kuchukua kijiti alichokitupa. Kupanda peke yake kulituchukua saa tatu. Wala simlaumu yeye. Kwenye tawi la pembeni mwa njia tulimkuta kinyonga dume mwenye pembe tatu, wale wa Usambara, na mwanangu akasimama mbele yake robo saa nzima bila kulalamika kitu. Mbega walipita juu ya miti, weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani, na akasahau kabisa kwamba kiatu kinabana. Kwa mtoto wa umri ule, kinyonga ndiye aliyekuwa safari nzima. Kilele kilikuwa haja yangu mimi.

Na hatukuanza saa mbili. Chai, choo, soksi iliyopotea, malipo ya getini. Tulianza kutembea saa nne na robo. Kila kitu kikasogea mbele kwa saa mbili na zaidi. Jambo moja halikusogea kwa kuwa halikuwepo: saa ya kugeuka. Tulikuwa na mahali pa kufika tu. Mtu mwenye mahali pa kufika peke yake, akichelewa, hujiambia aongeze mwendo. Mwenye saa ya kugeuka akichelewa hujua kwamba leo hatafika, na anaanza kuizoea habari hiyo mapema, kabla ya kuchoka na kabla ya ubishi.

Saa tano na nusu tulipita mahali penye uwazi, jua likatoka. Nilikuwa natoka jasho. Mtoto alikuwa kwenye begi la kubebea watoto, lile lenye fremu ya alumini na kiti chake, nililoazimwa na mwalimu mwenzangu. Mke wangu alikuwa nyuma yangu.

"Baba watoto, huyu tumwache na sweta au tumvue?"

"Niguse mgongo."

Akanigusa. Shati lilikuwa limelowa chapa.

"Utamchemsha bure," nikamwambia, "mvue."

Tukamvua sweta na mzula, tukaviweka chini kabisa ya begi la dada yangu, chini ya chakula. Nikikumbuka siku ile, hapo ndipo moyo wangu unaposimama. Tulipima joto la mtoto kwa kugusa mgongo wa baba.

Saa sita na nusu ukungu ulishuka kati ya miti, na rasharasha ikaanza. Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa Kisambaa, mtu wa maneno machache, ambaye watoto walimwamkia asubuhi na tangu hapo mkubwa wetu akawa hambanduki ubavuni kwake. Alisimama, akautazama ule ukungu kwa muda.

"Mwalimu, ukungu huu si wa kupita. Huu umekuja kulala."

"Mzee, si tumebakiza kidogo tu?"

"Kidogo cha kwenda, ndiyo," akajibu.

Hakuongeza neno, na kwa adabu yake asingeongeza. Mimi ndiye mwenye familia. Nilimwelewa vizuri. Lakini nilikuwa nimewaahidi watoto na dada yangu kwamba kule juu watayaona mabonde yote ya Usambara, na tulikuwa tumeshatoa jasho la saa mbili na robo. Mpanda ngazi hushuka, na waliposema hivyo wazee sidhani kama walikuwa wakizungumzia vyeo peke yake. Kila hatua niliyowaongezea watoto kupanda niliwaongezea hatua ya kushuka, kwenye udongo ulioloa, na miguu iliyokwisha.

Juu tulifika saa saba na robo. Hatukuona bonde hata moja, ukungu mtupu. Tukakaa dakika 45 kwenye mwamba tukila mayai na maandazi, na chai ya moto kwenye chupa. Wakubwa wawili walichangamka mara moja, wa kati akaacha kulia kabisa, jambo lililonionyesha kwamba nusu ya kilio chake ilikuwa njaa. Mdogo alikuwa amelala kwenye kiti chake, begi tumelisimamisha juu ya mwamba. Kofia ya begi ilimkinga kichwa na mabega. Miguu ilining'inia nje, kwenye mvua. Mama yake alitaka kumbadilisha nepi. Nikasema tumwache alale, kwenye mvua hii tutamsumbua, tutambadilisha chini. Dada yangu akasema, "Huyu mtoto ana subira jamani."

Tulianza kushuka saa nane. Kushuka kulikuwa kwa kuteleza. Wa kati akaanguka mara mbili, akarudia kulia, dada yangu akambeba, akaanguka naye. Masikio yetu yote yalikuwa kwake. Saa tisa tukasimama chini ya mti mkubwa, na mke wangu akasema maziwa yamejaa, mtoto hajanyonya tangu saa tano. Akamtoa kwenye kiti.

Mashavu yalikuwa mekundu, ya kupendeza ukiyaona. Hakuwa anatetemeka. Macho yalifunguka nusu yakafunga tena. Alinyonya mara mbili, akaliachia ziwa, kichwa kikalalia upande. Mke wangu akaingiza mkono ndani ya nguo zake, akaligusa tumbo. Kisha akaniangalia. Hakusema kitu, akaanza kumvua.

Mama alichokifanya

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa njiti. Majuma matatu mke wangu alikaa naye wodini, mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa ule utaratibu wa mama kangaruu ulioanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto. Miaka minane baadaye, msituni, mikono yake ilikumbuka.

Alimvua nguo zote zilizolowa, pamoja na nepi, chini ya koti la mvua ambalo mimi na dada yangu tulilishika kama paa. Alifungua vifungo vyake, akamweka kifuani, tumbo la mtoto kwenye ngozi yake. Kitu kikavu pekee tulichokuwa nacho karibu kilikuwa kanga ambayo dada yangu alifungia bakuli la maandazi, tukamzungushia mgongo. Sweta tukalichimbua chini ya begi, likapita juu ya kanga. Mzula kichwani. Juu ya wote wawili, koti la mvua, na mzee akavua koti lake zito akaliongeza.

Mimi nilianza kumsugua miguu. Mzee akanishika mkono. "Usimsugue. Muache kwa mama yake." Baadaye muuguzi alinieleza kwamba mzee alikuwa sahihi: mwili ukipoa, damu ya ndani huokolewa kwanza, na miguu na mikono huachwa ipoe. Kazi ni kupasha kifua na tumbo. Ukihangaika na miguu, au ukimsogeza mtoto kwenye moto, unaweza kumchoma ngozi isiyohisi vizuri na kuirudisha damu baridi ndani kwa ghafla. Mtoto apewe ziwa au kinywaji cha uvuguvugu chenye sukari ikiwa yuko macho na anameza. Akiwa amelegea asitiwe kitu mdomoni.

Tukashuka hivyo. Mke wangu mbele, mzee amemshika kiwiko, hatua moja moja. Kabla ya kuzifikia nyumba za kwanza mtoto alilia, kilio kikubwa cha hasira, akatafuta ziwa mwenyewe. Mzee akasema, "Alhamdulillahi." Mkubwa wetu ndipo naye alipoanza kulia, alikuwa amejizuia muda wote huo bila sisi kujua.

Mama mmoja mwenye nyumba ukingoni mwa msitu alitukaribisha jikoni kwake bila kuuliza tulikotoka. Tulikaa hatua chache kutoka kwenye moto, tukapewa uji. Kisha bodaboda hadi zahanati. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni, na kipimajoto kilionyesha 36.2, baada ya zaidi ya saa mbili kifuani kwa mama yake. Mwili ukishuka chini ya 35 ndipo madaktari wanaposema umepoa kwa hatari. Muuguzi alituweka saa moja, akampima tena, akaturuhusu, na akatuambia tusimwogeshe maji ya moto usiku ule.

Kwa nini yeye, na si yule aliyelia

Swali hili lilinikosesha usingizi, kwa sababu nguo za kaka yake zilikuwa zimelowa zaidi. Yule alianguka kwenye matope mara mbili. Wala hakupoa.

Misuli inayofanya kazi ni jiko. Mtoto wa miaka minne anayepanda, anayeshuka, anayekanyaga chini kwa hasira na kupiga kelele, anawaka moto ndani muda wote. Mimi niliyembeba mdogo nilikuwa nawaka kuliko wote: mwili wangu, begi, na kilo kumi na kitu za mtoto. Yeye jiko lake lilikuwa limezimwa. Alikaa kitako kwa muda wa karibu saa tano, mikono imelegea, miguu inaning'inia, mikanda imembana mapaja. Tulikuwa mahali pamoja, kwenye upepo mmoja, katika majira mawili tofauti.

Halafu kuna udogo wenyewe. Mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, kama vile kikombe cha chai kinavyopoa kabla ya sufuria. Kichwa cha mtoto wa umri ule ni sehemu kubwa ya mwili wake, na mimi nilikivua mzula. Watoto wachanga na wadogo sana hawatetemeki vizuri kama sisi, kwa hiyo ile dalili tunayoisubiri sote, meno kugongana, inaweza isije kabisa. Kinachokuja ni usingizi. Na mashavu mekundu, yale tuliyoyaona kuwa ni afya, yanaweza kuwa ni baridi.

Maji nayo. Maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi zaidi ya hewa tulivu. Nepi iliyojaa, soksi ya pamba iliyolowa, suruali ya pamba iliyolowa: tulikuwa tumemvika maji, tukamweka kwenye upepo.

Na lile begi. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu mabegi haya yanaonekana sana siku hizi, na kwa mzazi ni mazuri kweli, mgongo hauumi. Lakini fremu yake inamweka mtoto mbali na mgongo wa anayembeba, na juu kidogo, penye upepo. Jasho langu lilikuwa langu peke yangu. Joto langu halikumfikia hata kidogo. Mbeleko inafanya kinyume: kifua cha mtoto kiko kwenye mgongo wa mama, miguu imemkumbatia kiunoni, na joto la mama linapita. Nimewaona akina mama wa Lushoto wakipanda na mizigo ya kabichi kwenda sokoni asubuhi ya Julai, mtoto kwenye mbeleko, na juu ya wote wawili kanga nyingine au blanketi jepesi, mtoto anachungulia na kofia ya sufu. Nilikuwa nikidhani wanafanya hivyo kwa kukosa begi. Mbeleko ina ubaya wake pia, jasho la anayebeba linaweza kuilowesha nguo ya mtoto, kwa hiyo inahitaji kukaguliwa na kubadilishwa. Lakini kwa baridi, mbeleko inalishinda begi langu kwa mbali.

Hayo yote ni ya mwili. La mwisho ni la masikio, na ndilo ninalolirudia kwa kila anayeniuliza. Watu wazima wanne, macho manane, na hakuna aliyemgusa mtoto yule tumboni tangu saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri. Hatukuwa wazembe. Tulikuwa tunahangaika na mtoto siku nzima, ila mtoto huyo alikuwa ni yule anayepiga kelele. Nyumbani hilo halina neno: anayelia ana shida, aliyelala amepumzika. Mlimani kwenye baridi mambo hugeuka. Kelele za mtoto ni dalili kwamba jiko linawaka. Ukimya wa mtoto mdogo si habari njema mpaka uhakikishe kwa mkono, na mkono wenyewe uguse tumbo au kisogo, maana viganja na pua vinaweza kuwa baridi na mtoto ni mzima kabisa.

Mke wangu aliuliza asubuhi kuhusu sweta, akauliza juu kuhusu nepi. Mara zote mbili alikuwa anauona ukweli, na mara zote mbili nilimjibu kwa sauti ya mtu anayejua. Hilo nalo ni sehemu ya kisa.

Septemba

Tulirudi likizo fupi ya Septemba, wote sita, na mzee yuleyule. Dada yangu alishangaa kwamba mke wangu alikubali; kwa kweli yeye ndiye aliyetaka. Alisema hataki watoto wake waujue mlima kwa siku ile peke yake.

Begi la fremu tulilirudisha kwa mwenyewe. Mdogo alibebwa kwa mbeleko, mama na shangazi yake wakipokezana, na koti moja pana la mvua la kuwafunika wawili. Alivaa nguo moja zaidi ya mtu mzima aliyekaa bila kufanya kazi. Si zaidi ya mtu mzima anayepanda, maana huyo ndiye aliyetupoteza. Nguo zake kavu, mzula wa pili, soksi na kanga mbili vilikuwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, juu kabisa ya begi. Chakula hakikusubiri kileleni: karanga za kusaga kwenye mkate, ndizi, kidogo kidogo kila tulipokaa, na wa kati hakulia hata nusu ya mara ile. Njia tuliikata nusu.

Mkubwa wetu, binti wa miaka minane, tulimkabidhi saa yangu ya mkono. Kazi yake ilikuwa kutangaza kila baada ya nusu saa, na alipotangaza, wote tulisimama na mama au shangazi akaingiza mkono kumgusa mdogo tumbo. Mdogo alichukia sana. Kila nusu saa alipiga kelele msitu mzima ukasikia, na kila alipopiga kelele nilishusha pumzi. Mara moja tulimkuta amepoa kidogo mgongoni, kwa jasho la dada yangu. Tukambadilisha fulana pale pale, dakika tatu, tukaendelea.

Saa ya kugeuka ilikuwa saa sita kamili. Tuliiandika kwenye karatasi nyumba ya wageni, asubuhi, kabla mtu yeyote hajatoa jasho. Saa sita kasoro dakika tano tulitokeza mahali ambapo miti inaachana na unaona mwanzo wa ule mwamba wa juu. Jua lilikuwa linawaka, hakukuwa na ukungu. Nikahesabu kwa macho: dakika ishirini, labda ishirini na tano. Mzee alikuwa ananitazama. Sikusema kitu, ila nadhani uso wangu ulisema, kwa sababu binti yangu aliinua mkono wenye saa akanionyesha.

"Baba, bado dakika tano. Halafu basi."

Tulitumia dakika tano zile kumtafuta kinyonga. Hatukumpata. Saa sita tukageuka, wa kati mbele, akiruka mizizi.